Mdeki

Muhenna bin Zahir wa Ibra hapendi kuharakishwa.
Ameilaza gumegume ya babu juu ya gunia,
akaipima kwa shubiri: saba na vidole vitatu.
"Imemzidi mwenyewe," akasema.
Kweli, babu alikuwa mfupi.

Akaanza na fedha. Pete tisa zimeukumbatia mtutu,
kazi ya hapahapa, nyundo ya mtu
aliyekuwa akiikimbilia Idi.
Alipozilegeza ukatokeza mti
usiopata kuota bonde hili:
rangi ya asali, michirizi
kama maji ya falaji yakipitiwa na upepo,
ukiugeuza unang'aa, ukiukodolea unajificha.
"Wa Marekani, kwenye theluji.
Ulikuja na majora ya merikani."

Akafungua mtambo.
Nyuma ya bamba, mahali asipochungulia mnunuzi,
fundi yule wa mbali alipitisha tupa
hadi chuma kikawa laini kama kucha ya mtoto.
Kwa ajili ya nani?
Muhenna hakujibu. Alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena.
Kisha akavuta kamani, akaachia:
jiwe likauma chuma, cheche tatu,
na paka wa karakana hajaonekana tangu hapo.

"Ila mdeki huu si wake," akautupa kando.
"Kijiti tu. Nitakuchongea wa mkunazi."

Nikaurudisha nyumbani.
Mama, ambaye macho yake ndiyo yaliyonipeleka kwa Muhenna
(daktari wa Maskati hakopeshi),
akaupapasa, akaukwaruza kwa ukucha.
"Mkarafuu. Wa Wete.
Ule wa kwanza baba aliuvunja
akimchapa punda wa jirani."

"Na bunduki, aliwahi kuipiga?"

"Mara moja. Juu, angani, nilipozaliwa mimi.
Watu wakamcheka: baruti yote hiyo, kwa mtoto wa kike?
Akashindilia tena."

Ijumaa mnunuzi alihesabu pete,
akalipia pete.
Mti hakuuliza. Tupa hakuiona.
Akaondoka na mdeki mpya, mnyoofu, usio na habari.

Wa zamani anao mama.
Anajikunia mgongo,
na akidhani nimetoka
anauinua, anaulenga dari,
anasema taratibu:
puu.