Chumvi ya Mwami

Mmefika na umande, wazee,
mmebeba ngoma iliyoviringishwa blanketi kama mgonjwa.
Ketini. Tahadharini na cheche, kuni ni mbichi.
Hapa Uvinza hatuna viti, tuna magunia,
na gunia likishajaa chumvi
haliulizi limekaliwa na nani.

Ndiyo, ni mimi.
Ruvumbika, Mwami wa Ruhembe, bwana wa kilima kinachotembea,
niliyelindwa na chui wawili mlangoni,
niliyeinua mkono, Malagarasi ikarudi nyuma hatua saba
ng'ombe wapite bila kulowa kwato.
Mkono ndio huu. Tazama malengelenge.
Unakoroga maji ya chumvi tangu alfajiri
mpaka sufuria lianze kuota weupe.

Sijaisahau sheria, msinisomee.
Ngoma ikilia, Mwami haondoki,
hata nyumba iungue, hata mama afe.
Akiondoka, kilima kitakaa chini
kama ng'ombe aliyechoka, na walio chini yake
wako chini yake.

Nami sikuondoka.
Mara ya kwanza, sikuondoka.

Bukuru alikuwa na homa, umri miaka minne.
Nilimsikia nyuma ya ukuta wa matete,
hakuita Mwami, aliita Baba,
nami nikapiga, maadui walikuwa mtoni,
kila pigo likizamisha mtumbwi mmoja.
Mitumbwi arobaini na mmoja. Nilihesabu
ili nisihesabu mara alizoita.
Kulipokucha mkaninyanyua mabegani,
na kwa kuwa nilikuwa juu kuliko wote
ni mimi peke yangu niliyewaona wanawake wawili
wakitoka uani na mkeka mdogo
uliokunjwa.

Mkanisifu siku tisa.
Ulikuwepo, Bitariho. Ulikunywa.

Msimu uliofuata Butoyi, pacha wake,
akaanza kutetemeka vilevile,
na ngoma, kana kwamba ilimsubiri, ikalia.
Sikufikiri. Nadhani hilo ndilo linalowauma.
Ningefikiri, ningebaki.
Nilimfunga mgongoni kwa ngozi ya enzi
kama mama yeyote anayewahi kliniki,
nikateremka. Chui walinitazama, wakapisha.
Nyuma yangu kilima kikakaa.
Sikugeuka, lakini masikio hayageuzwi,
na hadi leo nikilaza kichwa nakisikia
kikikaa, kikikaa, hakimalizi kukaa.

Walikuwa wangapi?
Hapana, usiseme.
Sema.

Mia mbili na sita.
Na dada yako ni mmoja wao, Bitariho,
yule aliyekuwa akimletea Bukuru vibuyu vya maziwa.
Sina neno. Ningekuwa nalo
ningekuwa nimeshalifuata huko, kwa magoti.

Sasa mnasema udongo umeanza kupumua,
kwamba nikirudi nikapiga, kilima kitasimama,
hata mifupa itapata pa kusimama.
Naamini. Tangu mshuke kwenye treni
kidole hiki kimekuwa kikigonga mwiko, chenyewe,
mdundo ninaoujua.
Lakini mnasema pia, na mmelisema kwa sauti ya chini,
Mwami arudiye huingia bila mtoto.

Yule pale, chini ya turubai. Ana miaka kumi na mmoja.
Anapima chumvi kwa jicho, mizani inakuja kumthibitishia tu.
Anaogopa radi, hajui kwa nini.
Hajui alikuwa na pacha. Ananiuliza mbona kila siku
natenga vipande viwili vya muhogo, halafu kimoja
nakila mwenyewe, taratibu, kama dawa.

Kama ningekuwa mfalme mzima, ningewajibu.
Kama ningekuwa baba mzima, ningewafukuza.
Mmemkuta mtu aliyepasuka kama chungu cha chumvi,
anavuja pande zote mbili.
Ngojeni sufuria likauke.
Ngojeni tu. Na hiyo ngoma iwekeni mbali na moto,
ngozi yake inakaza, itaanza kusema.

Butoyi, kumbe umeamka.
Hawa? Wateja.
Wapimie kilo mbili mbili, wala usisahau nyongeza.
Wametoka mbali.