Pima Maji

Amplifaya niliinunua kwa Ndolo, ghorofa ya pili, Luthuli,
kwenye ngazi zinazonuka risasi iliyoyeyushwa.
Akanifungia kwa kipande cha blanketi la hospitali,
akasema: dada, hii ikitoa moshi, izime.
Usikae ukiiombea.

Spika zilitoka kwa kanisa lililohama Dandora
usiku, na kodi ya miezi minne.
Moja ilikuwa imechanika koo.
Nikaiziba kwa karatasi ya majani ya chai
na gundi ya viatu, nikaiacha juani siku nzima.

Santuri inataka usawa.
Sakafu za Buruburu hazijui usawa:
dondosha ndimu mlangoni, utaiokota chooni.
Nikaenda kwa Musembi jirani, mwashi,
kumwazima pima maji.
Akaja nayo mwenyewe, hamwamini mtu nayo,
akapiga goti kama anayeanza msingi,
akasukumiza kadi kuukuu ya simu chini ya mguu mmoja wa meza,
kisha nyingine, kisha nusu ya nyingine.
Kiputo kikatambaa, kikasita,
kikalala katikati ya mistari.
"Sasa hata jengo likiinama," akasema,
"hii itabaki wima ikishangaa."

Uzito wa sindano, gramu mbili kasorobo.
Mizani sina. Nina mchele wa Mwea.
Punje sabini, nilizihesabu,
Mama akinitazama kwa jicho la mtu
anayeona chakula kinapimwa bila sufuria.

Ndipo nikaitoa ile santuri ya Baba.
Pembe mbili za jalada zililiwa na mende.
Ndani, kwa penseli:
Mali ya J. Wekulo, Kaloleni. Haiazimwi.

Wimbo huu kwetu tunaujua pamoja na kidonda chake.
Upande wa pili, wa tatu kutoka ukingoni,
mwimbaji akishafika
nitarudi ni
nitarudi ni
nitarudi ni
mpaka mtu ainuke amsukume kwa kidole.
Kidole kilikuwa changu.
Mama, mwiko mkononi, alimmalizia:
nikipata.
Nitarudi nikipata. Tukala, tukalala.
Baba alikuwa Kitwe akikitafuta hicho cha kupata.
Zilikuja barua mbili,
na saa ya mkono iliyoletwa na mtu asiyetaka kuketi.
Halafu tuseme stempu ziliisha.

Sasa sindano mpya, mchele, pima maji.
Vumbi likapasuka kama simsim kaangoni,
besi ikaja kwa miguu, polepole, ikaingia chini ya kochi.
Nilikuwa nimesimama, kidole tayari.
Sindano ikafika kwenye mkwaruzo,
ikapanda,
ikavuka.

Nitarudi nikiitwa.

Akaendelea zake, hana habari,
gitaa likimfuata nyuma kama mtoto aliyetumwa dukani.

Mama akatoka jikoni, unga viganjani.
"Amesemaje?"
Nikaurudisha mkono wa sindano.
Nitarudi nikiitwa.
"Tena."
Nikaurudisha.
Hakunitazama. Alitazama ile spika yenye kiraka.
"Kibanda cha simu kilikuwa pale chini,
karibu na duka la nyama," akasema.
"Na namba nilikuwa nayo."

Hapo stima ikakatika.
Amplifaya ikashika pumzi sekunde mbili, tatu,
sauti ya mwimbaji ikashuka, ikazeeka, ikazama.
Spika kimya.
Lakini sahani ilikuwa bado inazunguka gizani,
na ukiinamisha sikio karibu sana
ungesikia sindano yenyewe ikiimba,
nyembamba, kama nzi ndani ya chupa,
taratibu,
taratibu zaidi.

"Ni tokeni," Mama akauliza, "ama ni mtaa mzima?"

Nikafungua pazia.
Kwa Musembi taa zilikuwa zinawaka.