Giga Nane

Bi Tsiala ameileta ndani ya foronya,
kompyuta nyembamba, ya kukunjuka,
ile aina inayopinduka kiunoni
mpaka kichwa kikagusane na visigino.
"Iongezee kumbukumbu," asema kabla hajaketi,
theluji ikimyeyukia mabegani.

Ni Januari, Tbilisi, duka la Jumber chini ya ngazi.
Dirisha letu hutazamana na viatu vya wapita njia;
wateja nawajua kwa soli.

Nagusa bomba la kipasha joto, nitue umeme wa sweta.
Naigeuza kifudifudi.
Skrubu tisa za vichwa vya nyota,
ndogo kama mbegu za mchicha.
Nazipanga juu ya karatasi, kila moja na mahali pake,
maana ndefu ikirudishwa pa fupi
hutoboa ubao.
Nimewahi kutoboa. Jumber hasahau.

Tisa zimetoka, kifuniko hakitoki.
Haraka haina baraka, wamesema;
hapa haina hata kifuniko.
Napapasa chini ya mguu wa raba:
ya kumi imejibanza humo,
kama mdaiwa aliyesikia hodi.

Kisha kipande cha kupigia gitaa, ufani, taratibu.
Tk.
Klipu ya kwanza. Tk.
Bi Tsiala afumba macho kila mlio.
"Inavunjika?"
"Inafunguka."
Kwa sikio, ni kitu kimoja.

Ndani: betri bapa, nyeusi, imekalia nusu ya nyumba.
Feni yenye ukubwa wa sarafu imevaa koti la vumbi,
na katika vumbi, chembe za mkate,
unywele mmoja wa rangi ya chungwa.
"Una paka?"
"Alikuwepo."

Nahesabu kinachobadilika.
Diski: yabadilika. Skrubu moja tu,
nayo yainuka yenyewe kama ulimi mbele ya daktari.
Ya tera moja ipo drooni, lari mia na themanini.
Kadi ya mtandao: yabadilika,
ingawa nyaya zake mbili ni kaidi kuliko watoto wa dada yangu.
Betri: ikiagizwa. Wiki tatu,
nne kama barabara ya mlimani itafungwa tena.

Kumbukumbu.
Namulika tochi. Narudia kumulika.
Vipande vinne vyeusi vimelehemewa ubaoni,
hakuna pa kuchomoa, hakuna pa kuchomeka.
Giga nane.
Ilizotoka nazo kiwandani ndizo itakazozikwa nazo.

"Haiongezeki."
"Hata kwa pesa?"
"Hata kwa pesa."
"Basi umeipasulia nini?"

Sina jibu. Jumber analo,
kutoka nyuma, hainui macho kwenye moshi wa lehemu:
"Kumbukumbu ikijaa, mama, humwagia diskini.
Diski ikiwa nyepesi, hutaona kwamba imejaa."

Akakaa kimya. Viatu vitatu vikapita dirishani,
cha nne kilikuwa gongo.
"Kama daftari langu," akasema,
akalitoa mfukoni mwa koti: dogo, limefungwa kwa mpira wa nywele.
Alinisomea bila kuombwa:
sukari. Dawa ya jioni, si ya asubuhi.
Nukri, Warszawa, apigiwe Jumapili.
Fundi wa kompyuta, chini ya ngazi,
si yule wa juu, mwizi.

Jumber alicheka mpaka akajiunguza kidole.

Naipuliza feni. Naweka diski mpya, naibana.
Skrubu tisa zarudi makwao;
ya kumi naitafuta mezani, magotini, sakafuni,
kumbe imeninata kidoleni.
Naiwasha. Inasita, inameta,
kioo kinamwangaza usoni, naye anaikunja kinyumenyume
kuona kama bado inaweza.
Inaweza.

Kisha analamba ncha ya penseli, anaandika,
nami nasoma juu chini, kwa kuibia:
giga nane, zinatosha.
Anatazama alichoandika.
Anaongeza alama ya kuuliza.