Nyuzi Mia Tatu na Sitini

Shuleni, nyuzi ni kipimo cha pembe.
Kwa mama, nyuzi ni nyuzi, hununuliwa Kariakoo kwa dazeni.
Zilikutana siku moja barazani kwetu, Magomeni.

Kitambaa cha meza, cha duara, cha ukumbi wa harusi Sinza:
wanawake watatu walikuwa wamekidarizi ukingo,
na malipo yalikuja, elfu thelathini na sita,
noti zimekunjwa kama sambusa.
"Tugawe sawa," akasema Atupele.
"Sawa ya nani?" akauliza Mwamtoro.

Tepu ya mama ilikatika zamani, inaanzia saba.
Nikaleta kipimapembe changu cha kidato cha pili,
plastiki tupu, upana wa kiganja.
Mwamtoro akacheka: "Hicho kikapime meza ya siafu."

Tukakunja kitambaa nusu, tukakunja tena,
mikunjo ikapishana kwenye kitovu.
Mama akapitisha uzi mwekundu katika tundu la kipimapembe,
akauvuta hadi ukingoni,
pale mkono wa mmoja unapokoma na wa mwingine kuanza.
Uzi wa pili. Wa tatu.

Tao la Atupele, nyuzi tisini.
La Mwamtoro, mia na ishirini.
La mama, mia na hamsini.
Nikajumlisha mara mbili kwa raha tu: duara limefunga!
Hata kitambaa kingetandazwa Mnazi Mmoja yote
pembe zingebaki zile zile, ukingo tu ungerefuka.
Kila uzi mmoja, nikatangaza, shilingi mia.
Elfu tisa. Kumi na mbili. Kumi na tano.

Atupele hakubisha.
Wiki ile mwanawe alikuwa amelazwa Mwananyamala,
na sindano aliishikia huko huko, kwenye benchi.
Mama akaiinamia robo ile, akaipapasa kwa kidole gumba:
vifundo vimebanana kama punje za mtama.
"Kidude chako kinahesabu na vifundo?"
Hapana, mama.
Kinahesabu uwazi.

Akasukuma elfu mbili upande wa pili wa mkeka.
Mwamtoro akatazama barabarani, akaguna,
akatoa mia tano. "Ya nauli."
Uwiano wangu ukavunjika mbele ya macho yangu,
na daftarini sikujua niandike nini.

Kipimapembe ninacho hadi leo.
Namba zimefutika kati ya arobaini na sabini.
Uzi mwekundu bado umo tunduni;
sijaukata.