Katikati Iliyozama

Mwaka ule wa mvua nyingi nilibeba mawe.
Si ya kujengea. Ya Bwana Mwasandube, mtaalamu wa miamba,
aliyepanda Loleza na nyundo ndogo na boflo kwapani,
akigonga, akiramba jiwe, akiandika,
nami nyuma, gunia mgongoni,
nikihesabu shilingi zangu kwa hatua.

Kileleni upepo wa Chunya ulikuja mkavu, na vumbi lake.
Akanigeuza kusini kwa bega:
"Ule mgongo wa buluu ni Uporoto.
Mbele zaidi, ng'ambo ya Kitulo, Kipengere.
Umeona walivyolala?
Kama ng'ombe zizini, kila mmoja
kichwa kaelekeza aliko mwenzake."

Nikasema, kama tulivyofunzwa: milima haikutani.
Akacheka mpaka akakohoa.
Akakata boflo mapande matatu, akayabana kwa viganja,
kisha akalegeza.
Pande la kati likashuka.

"Hapa hakuna aliyejiinua," akasema.
"Ilikuwa nchi moja. Ikavutwa huku, ikavutwa kule,
katikati ikazama.
Bonde lile lilikuwa huku juu, bega kwa bega nasi."
Tukala pande la kati kwanza.
Lilikuwa na mchanga.

Dada yangu Sekela anaishi Isyonje,
mgongo wa pili, penye ukungu na viazi.
Mimi niko huku, miguuni pa Loleza.
Kati yetu kuna mji mzima wa mabati,
kuna reli, kuna kelele za Mwanjelwa,
na kiwanja cha mama pale Iyunga
kilichoandikwa jina moja.

Jina langu.

Watu waliniambia: Sekela kajiinua.
Naye kule wakamwambia: mwenzio kajiinua.
Miaka kumi na mmoja.
Ukungu ukikunjuka usiku naona moto wake,
au wa jirani yake, sijui;
nausalimia hivyohivyo.

Juzi, saa nane na nusu, ardhi iliguna.
Vikombe kabatini vikaanza kusengenyana,
kitanda kikasogea kama mtu anayempisha mgeni.
Mbwa wa mtaa mzima. Kisha kimya.
Kisha simu: namba niliyoifuta
lakini jicho linaijua.

"Na kwako?"
"Kwangu pia. Vikombe tu."
"Huku sufuria imeanguka."
"Ipi?"
"Ile ya mama."

Nikasikia mvua juu ya bati lake.
Kwangu hapakuwa na tone.
Ndivyo ilivyo huku: mgongo mmoja hunywa,
mwingine hutazama.

"Imepasuka?"
"Sufuria hiyo? Imebonyea kidogo."
Nikatafuta neno, nikapata la sokoni:
gunia la viazi bei gani huko?
Akataja. Nikasema ghali.
Akasema, basi njoo ujichimbie.

Asubuhi hii nimezitoa buti zangu za kubebea mawe;
panya wamekula ulimi wa kushoto.
Hati ya Iyunga nimeikunja ndani ya gazeti,
gazeti ndani ya koti.
Bwana Mwasandube hakunifundisha njia,
alinifundisha mkate.
Lakini hili naliona mwenyewe kutoka mlangoni:
toka mgongo hadi mgongo hakuna daraja.
Unashuka kwanza.
Unapita pale palipozama, miguu ikiwa ardhini,
ndipo unaanza kupanda.