Mlembe wa Milimani

Milimani hakuna mlima.
Kila mgeni huuliza, nasi hucheka kidogo,
kama mtu aulizwaye habari za babu aliyekimbia deni.
Pana mwinuko tu, nyuma ya kisima,
ambapo maji ya mvua husita, yakagawanyika:
haya yateremkia baharini,
haya yarudi msituni kama mtoto aliyesahau kitu.
Marehemu mama alisema: maji yakikosa kauli moja,
hapo ni mlima. Usipime kwa macho.

Sasa ni masika.
Mikoma imeoga, mbambakofi umetoa majani
rangi ya shaba iliyosuguliwa kwa ndimu,
na sange, na pua lake refu,
apekua makapi chini ya vichaka
kama karani aliyepoteza faili.
Nyamera wamezaa. Nilihesabu ndama tisa
kabla sijakumbuka kwamba siruhusiwi kufika kule.

Maana kuna mstari.
Haukuchorwa, lakini kila unyayo waujua:
mwisho mti uliopakwa chokaa,
mwisho saa kumi na mbili jioni.
Ng'ambo wako wasiotajwa
na wako wanaowatafuta,
na risasi haiulizi kitambulisho.
Gobu, mwana wa shangazi, alivuka na shoka na kijinga cha moto,
akifuata asali.
Tulipata shoka.

Mlembe bado huja.
Hutua kwenye mwiba, hutikisa mkia, hupayuka:
nimeuona mzinga, njooni, njooni na moto!
Zamani tungemjibu kwa mluzi,
yeye mbele, sisi nyuma, tawi kwa tawi,
na tukishashiba tungemwekea sega lake,
kwani ukimdhulumu leo, kesho atakupeleka kwa chatu.
Siku hizi mluzi ni ishara. Umekatazwa
pamoja na tochi, pamoja na moshi.
Ndege hakusomewa tangazo.

Kizuizini alikuwapo askari kijana, Chelimo,
mtu wa milima ya kweli:
kwao, alisema, wingu hulala mlangoni kama mbuzi,
ukitaka kutoka sharti ulivuke.
"Na huko nako," akasema, "kuna bunduki na ng'ombe,"
akanyamaza, akafuta vumbi kwenye saa yake.
Siku moja akamuuliza binti yangu, Doza:
"Mlima wa Milimani u wapi?"
Doza akamwonyesha kichuguu.
Akakipanda, na buti na bunduki na vyote,
akakinga jua kwa mkono,
akasema ameona paa la mama yake.
Meno yake niliyaona siku ile tu.

Mlembe akalia. Chelimo akageuza shingo.
"Huyu hata kwetu yupo. Nyie humjibuje?"
Nikatazama buti zake. Sikusema kitu.
Mtego waweza kuja kwa sauti ya upole.

Kisha lori lao likaenda kaskazini.
Madirisha hatuna, lakini sufuria zilitikisika.
Kizuizini wameleta mwingine, mwenye masharubu.
Hapendi maswali.

Leo Doza amemfuata ndege,
kimya, midomo ameibana kwa vidole.
Nami nyuma yake, moyo mkononi, nikingoja mti wa chokaa.
Lakini mlembe hakwenda msituni.
Alitupeleka zahanati,
iliyofungwa tangu daktari aondoke na ufunguo,
na juu, penye dari lililobonyea,
nyuki wameingia, wamejipanga, wanatibu wenyewe.
Miezi yote hiyo alikuwa akituita hapa,
nasi tukidhani anatuita kwenye kifo.

Tulirina bila moshi. Jicho langu moja limefumba.
Doza akaweka sega la ndege juu ya kichuguu,
akarudi nyumbani, akakata kipande kingine,
akakiweka kando ya lile.
Sikumuuliza ni cha nani.
Hadi jua likizama, mpaka saa yetu ya kufungiwa,
siafu walikuwa wakiupanda mlima.