Miguu Iliyooshwa Mara Mbili

Nilianza Jumatano usiku, mlango nimeutia komeo:
karai la plastiki, sabuni ya mche, jiwe la kusugulia.
Nilizisugua nyufa za visigino mpaka damu ikachungulia,
nikakata kucha, nikapaka mafuta ya mgando,
maana kesho, Alhamisi Kuu,
askofu angepanda Kilembe kutuosha miguu,
na mimi, Yeremia Kule, mwenyekiti wa walei,
nilikuwa wa kwanza kwenye orodha ya kumi na wawili.
Orodha niliiandika mwenyewe.

Mke wangu akauliza gizani:
"Unaiosha ili ioshwe?"
Nikamwambia alale.

Asubuhi bomba la parokia lilikohoa kutu, likanyamaza.
Nyamwamba ulikuwa umefura kwa mvua za milimani.
Nilisimama kwenye ngazi za kanisa, soksi nyeupe,
nikanyoosha kidole: wewe, na wewe, chukueni madumu.
Vijana wa kwaya wakatazama viatu vyao.
Aliyeinama kuchukua ni Ithungu,
yule anayesafisha vyoo vya shule,
ambaye jina lake la ubatizo sikuwahi kuliuliza
kwa miaka tisa ya kuliandika langu kila mahali:
kwenye kengele, kwenye benchi la mbele,
kwenye risiti ya mabati, hata ya choo.

Alipanda mara tatu, lita ishirini kichwani.
Kilima kile kina kokoto za mgodi wa zamani,
zina rangi ya kijani, zinakata kama chupa.
Ndala yake moja ikakatika kamba.
Akaivua na ya pili, akaziweka pamoja juu ya jiwe
kama anayeogopa kupendelea.

Kisha askofu akapiga goti.
Mzee wa watu, magoti yalilia kama mlango mkavu.
Akaushika mguu wangu wa kulia, akaugeuza,
akatafuta mahali pa kuosha.
Akaniangalia, nusu ya tabasamu,
akasema chini chini, kipaza sauti kisisikie:
"Huu umeshapita."
Maji yakateleza juu ya mafuta yangu
kama matone kwenye jani la gimbi.

Mlangoni, Ithungu na dumu tupu,
tope hadi gotini, kidole gumba kimechanika.
Hakuna aliyemwita.
Mwenye orodha nilikuwa mimi.

Baada ya misa nilimfuata na lile karai.
Hadithi yake nilikuwa nimeshaitunga:
jinsi mwenyekiti alivyopiga goti nyuma ya sakristia.
Nilihakikisha dirisha la masista liko wazi.
Akacheka. "Mwenyekiti, simama, utachafua suruali.
Lete huku hayo maji."
Akayamwaga, maji ya watu kumi na wawili,
kwenye shina la mbuni mchanga ukutani,
taratibu, kiganja kikiulinda udongo usichukuliwe.
Akalifudikiza karai likauke,
akashuka kutafuta ndala zake.

Bwana, sijui tena nikuombe vipi.
Nikisema "nishushe," natega sikio nani amesikia.
Nikikaa benchi la nyuma, nahesabu shingo zinazogeuka.
Kiburi changu kimejifunza kuvaa ndala.
Hata hapa, ulikuwa bado ubeti wa kwanza
na jina langu nimeshalitaja, na cheo chake.

Jumamosi alfajiri, kabla ya kengele,
nilibeba dumu moja kutoka mtoni.
Ukungu ulikuwa mzito, sikukutana hata na mbuzi.
Mtu mmoja tu hakuniona, nami sasa ninamwambia.
Ona.

Jina lake la ubatizo ni Skolastika.
Nililikuta kwenye daftari la parokia,
ukurasa ulioingia maji mwaka wa mafuriko,
limeandikwa kwa kalamu iliyokuwa ikiishiwa wino.